Tupeane uzoefu: Mhusika mwenye madhaifu kwenye riwaya ya Kikristo aliyekugusa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kwa muda mrefu riwaya za Kikristo nilikuwa naziacha katikati. Mhusika anaanza akiwa mlevi, ukurasa wa arobaini anaokoka, na kuanzia hapo hagombani na mtu, ndoa imepona, madeni yamelipwa. Mimi nina miaka kumi na minne kwenye wokovu na bado nashtuka usiku moyo ukinichemka kwa hasira na ndugu yangu wa damu. Vitabu vile vilinifanya nijione mnafiki.

Kilichonirudisha ni Gilead ya Marilynne Robinson, ya mwaka 2004. Mchungaji mzee, John Ames, anamwandikia barua mwanawe mdogo akijua hatakuwepo mtoto akikua. Amehubiri maisha yake yote, ila kuna mtu mmoja anamshinda kumpenda: Jack, mtoto wa rafiki yake mkubwa, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyembatiza. Anajua anapaswa kusamehe, anaandika kabisa kwamba anapaswa, halafu ukimkuta mbele kidogo bado anamtilia shaka. Mpaka mwisho mwisho, Jack akiwa anasubiri basi aondoke, ndipo mzee anamwekea mkono kwenye paji la uso na kumbariki. Nilifunga kitabu nikampigia ndugu yangu. Hakupokea.

Nani mwingine amewahi kukutwa hivyo na kitabu? Naomba tusimulie bila kuoneana haya.

Mchangiaji wa 2
Asante kwa uzi huu mpendwa. Mimi ni mwalimu wa watoto kanisani, na sina mtoto. Kuna riwaya nilisoma, mke wa mchungaji anaingia chooni katikati ya ibada, anafungua bomba maji yatoke kwa kelele ili watu wasimsikie akilia. Halafu anaosha uso, anajifuta kwa ncha ya kitambaa, anatoka akitabasamu. Bomba hilo nalijua. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani.

Mimba haikuja mpaka kitabu kinaisha. Nilimshukuru mwandishi kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote, maana angempa mtoto ukurasa wa mwisho ningebaki palepale chooni peke yangu.

Mchangiaji wa 3
Naomba nitofautiane kidogo. Nilikuwa mcheza kamari, Mungu akanitoa. Nikapewa riwaya ya Kikristo ambayo mhusika wake ana tatizo hilohilo, na mwandishi ameeleza ule msisimko kwa utamu mpaka mikono ikaanza kunitetemeka. Niliirudisha sikuimaliza. Uhalisia ni mzuri, lakini waandishi wakumbuke kuna sisi tunaosoma tukiwa na vidonda vibichi.

Mleta mada
Uko sahihi ndugu yangu, na pole. Jibu nililoliona ni 2 Samweli 11. Sura ina mistari 27. Dhambi yenyewe ya Daudi na Bathsheba imepita kwenye mstari mmoja, wa 4. Lakini hila za kuificha, Uria, mume wa Bathsheba, kuitwa kutoka vitani, kuleweshwa, kubebeshwa barua ya kifo chake mwenyewe, zimesimuliwa kwa urefu. Utamu wa dhambi haukupewa nafasi. Nafasi imepewa kile dhambi inachomfanya mtu awe.

Mchangiaji wa 4
Mimi naandika. Kwenye mswada wangu mzee wa kanisa anamfokea mkewe mbele ya wageni, na hamwombi radhi mpaka sura mbili baadaye, tena kwa shida. Waliousoma wakanishauri nimfanye atubu usiku uleule "ili kitabu kijenge". Nikakubali, nikaandika upya, na yule mzee akanifia mkononi. Akawa hana damu.

Nikaenda kusoma Yona. Nabii mzima ameketi nje ya mji, amekasirika hadi anatamani kufa kwa sababu watu wamesamehewa, na kitabu kinaishia kwenye swali la Mungu. Yona alijibu nini? Hatuambiwi. Nimerudisha zile sura mbili.

Mchangiaji wa 5
Redeeming Love ya Francine Rivers, iliyojengwa juu ya habari za nabii Hosea. Wengi humlilia Angel, yule kahaba anayependwa na kuolewa, anatoroka, anarudishwa, anatoroka tena. Mimi niliumbuliwa na Paul, shemeji wa mume wake. Muumini, lakini kila akimwona yule mama anaona alikotoka tu. Na yeye huyohuyo akapata nafasi akamtumia vibaya, kisha akaendelea kumhukumu.

Kwetu kanisani alikuja dada mmoja mwenye historia kama hiyo. Alipokaa kwenye benchi letu nilivuta mkoba wangu karibu. Sikuwaza, mkono ulijiendea. Na yeye aliuona ule mkono. Paul alikuja kumwomba Angel msamaha. Mimi yule dada alihama kabla sijamwendea, na namtafuta mpaka leo.

Mchangiaji wa 2
Mleta mada, ndugu yako alipiga baadaye?

Mleta mada
Bado mpendwa. Jana nimemtumia ujumbe mfupi wa salamu. Naona ameusoma.