Gari ya mkononi: kabla hujatoa hela uliangalia nini? Tupeane uzoefu

Mtoa mada

Wakuu, habari za Jumapili. Mdogo wangu amejikusanyia milioni 11 kwa miaka minne, anataka gari ya mkononi, na kaniomba nimsindikize kuitafuta. Naanza na yangu halafu nawaachia uwanja. Naomba tuseme yaliyotupata wenyewe, ya kusikia tuyaache.

Mwaka 2019 nilinunua IST namba D hapa Dar. Dashibodi inasoma kilomita 61,000. Dalali akaniambia ilikuwa ya dada mmoja wa ofisini, nyumbani kazini, kazini nyumbani. Rangi inang'aa, AC inapuliza baridi kweli. Nikaizunguka mara mbili, nikaiendesha kwenye lami kama dakika kumi, nikalipa.

Miezi mitatu baadaye naiosha mwenyewe, nafuta ubavuni mwa mlango wa dereva, pale panapofichika ukiufunga, nikakuta stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani, imechanika kona moja. Kule Japani wakibadilisha oili hubandika stika yenye tarehe na kilomita za siku hiyo. Ya kwangu iliandikwa 98,450. Yaani gari ilishatembea kilomita elfu tisini na nane ikiwa bado kwao, ikapanda meli, ikaja kutembea tena na huyo dada, halafu mimi nauziwa 61,000. Nilikaa juu ya ndoo pale pale nikashindwa kuendelea kuosha.

Siku hizi dashibodi naiangalia mwisho. Naanza na mpira wa pedali ya breki umelika kiasi gani, usukani umelainika wapi, sponji ya kiti cha dereva upande wa mlango imebonyea vipi. Pedali ikiwa mpya kabisa kwenye gari ya zamani, hapo pia nauliza.

Mnyalukolo

Pole sana mkuu. Mimi nilijulia mlima Kitonga.

Nilinunua Dar mwezi wa Desemba, naipeleka nyumbani Iringa, mke na watoto wote ndani. Siku ya kuikagua nilifika kwa muuzaji saa nne asubuhi nikaikuta inaunguruma. Akasema anaipasha moto ili nisipoteze muda, nami nikashukuru. Dar mpaka Mikumi hamna neno. Ruaha Mbuyuni tukasimama tukanunua vitunguu, tukaanza kupanda mlima. Hatukufika mbali, mshale wa joto ukaanza kunyanyuka. Nikazima AC, haukushuka. Nikaweka pembeni, mvuke unatoka chini ya boneti, malori yanatupita taratibu yakiwa yamekazwa gia ndogo, mke wangu amewabana watoto upande wa mwamba maana upande wa pili ni korongo. Sitaisahau ile sauti ya malori.

Fundi alipofungua kifuniko cha oili, kwa ndani kimeganda uji wa rangi ya chai ya maziwa. Maji na oili vilishachanganyika. Gasketi ya silinda hedi iliungua zamani, wakatia dawa ya kuziba kwenye rejeta, ikashika kwa mizunguko ya mjini. Injini ilishushwa, na hela ya ujenzi ikaishia hapo.

Ndugu zangu, ukifika kwa muuzaji weka kiganja juu ya boneti kabla hata hujakaa. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho alfajiri. Injini iliyolala usiku kucha ndiyo ya kusikiliza: ikigonga ikiwashwa, utaisikia. Tazama na moshi. Wa bluu, inakula oili. Mweupe mzito usiokatika hata ikishapata moto, kuna maji yanaungua ndani. Kifuniko cha rejeta fungua ikiwa baridi tu, msije mkababuka.

Mama Wawili, Tabata

Baada ya zile mvua za 2024 tulikwenda na mume wangu kuona Noah. Ndani inanukia manukato makali, vining'inizo viwili kwenye kioo, na vioo vya madirisha vimeshushwa vyote. Nikajiuliza, kwa nini gari inapulizwa hivi?

Nikakaa kiti cha nyuma, nikavuta mkanda mpaka ukagota. Sehemu inayovutwa kila siku safi kabisa. Kule mwisho, kwenye kipande kisichotoka kwa kawaida, mstari wa kahawia wa tope kavu umekatiza mkanda. Tukainua zulia, kuna mchanga, na reli za kiti zina kutu ya chungwa. Muuzaji akasema watoto walimwaga juisi. Juisi gani inafika huko? Tukaaga kwa heshima tukaondoka.

Fundi umeme, Gerezani

Mama Wawili, hongera kwa jicho hilo. Gari iliyozama naletewa kila msimu wa mvua ukipita: leo dirisha halishuki, mwezi ujao inagoma kuwaka, ukifungua soketi za nyaya unakuta ukijani.

Kuna ya taa pia. Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, huenda wameizima kwa makusudi. Na ukipima kwa mashine usifurahie tu kwamba haina kosa. Mwambie fundi akuoneshe kama gari imemaliza kujipima yenyewe. Ikisema bado, huenda makosa yamefutwa asubuhi hiyo hiyo.

Na fundi umtafute mwenyewe. Wapo wenzetu wanaopewa cha juu na dalali. Inaniuma kuisema kazi yangu hivi, lakini ipo.

Mdau wa Dodoma

Yangu ni nzima mpaka leo. Niliumia kwenye kadi ya gari. Iliingia nchini kwa msamaha wa kodi wa mtumishi, nami sikuwa na msamaha huo, kwa hiyo kuhamisha umiliki kukaja na kodi ambayo sikuipangia. Muuzaji keshahama mkoa. Kutaneni TRA kwanza, hela baadaye. Deni la trafiki na bima unaviangalia kwenye simu kwa namba ya gari, dakika tano tu.

Mtoa mada

Nimesoma yote, na mdogo wangu kanakili kwenye daftari. Kesho tunakwenda Mbezi kuona Raum. Tumemwomba muuzaji asiiwashe mpaka tufike saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Amekubali, ila ameuliza mara mbili kwa nini.

Fundi wa Gerezani, kama asubuhi hiyo una nafasi, nakutumia ujumbe sasa hivi. Gharama ya kupima namlipia mdogo wangu mimi.