Takwimu zinasema abaki, moyo unasema aondoke. Nifanyeje wakuu?

Koti_Kuukuu: Heshima kwenu wakuu. Naongoza timu ya programu, bosi kataka tupunguze mtu mmoja na uamuzi kaniachia mimi. Kwenye deshibodi, ile chati ya kuhesabu kazi, kuna kijana, nimwite A, anafunga tiketi (yaani anamaliza kazi alizopangiwa) kuliko wote. B yuko mkiani. Ila moyo unaniambia A ndiye aende. Nyie mngefuata kipi? Matusi hapana.

NaziMbovu: Nimewahi siti ya mbele.

Mzee wa Seva: Tiketi ya kubadili rangi ya kitufe na ya kuhamisha kanzidata ya malipo bila kuzima mfumo, zote deshibodi inahesabu moja. Mwaka 1982 mameneja wa Apple waliwataka watu wajaze fomu kila wiki, mtu kaandika mistari mingapi ya programu. Bill Atkinson alikuwa ameandika upya sehemu ya michoro ya Lisa, kompyuta yao, ikawa fupi na ya kasi zaidi. Akajaza hasi 2000, maana mistari ilipungua. Baada ya muda wakaacha kumpa fomu.

Mama Toleo: Kwetu walipoanza kuhesabu tiketi, kila mtu akawa anakata kazi moja vipande vinne. Chati ikapanda, wateja wakazidi kulalamika. Mchumi Charles Goodhart alishayasema haya 1975, tena kwenye mambo ya fedha: namba ukianza kuitumia kubana watu, haiaminiki tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nakata vipande, sitaki kudanganya, na bonasi nikapata 😂

KisuButu: Mnakimbilia kujibu. Mleta mada, A ana kosa gani?

Koti_Kuukuu: Kosa la kuandika hana. Ni vile anavyokaa vikaoni. Ukishazoea kazi hii unajua tu.

KisuButu: Anakaaje?

Koti_Kuukuu: Haya. Hiki cheo tuliomba wote wawili, nikapata mimi. Lakini hilo halihusiani kabisa! Barua yake niliiandika zamani, iko rasilimali watu inasubiri sahihi. Nataka mawazo tu.

Ustadhi wa Kodi: Riziki ya mtu usiichezee, ndugu yangu.

Dada Mkaguzi: Kumbe. Wanasaikolojia Kahneman na Klein, waliokuwa kambi tofauti kwenye suala hili, walikubaliana 2009 kwamba hisia za mzoefu ni za kutegemea pale mambo yanapokwenda kwa mpangilio unaojirudia, na yeye kapata nafasi ya kuona alipatia au alikosea. Wewe umeshaondoa watu wangapi ukafuatilia kilichotokea? Angalia mabadiliko ya nani hurudishwa nyuma baada ya kupandishwa kwenye mfumo, na mfumo ukianguka anaitwa nani.

Koti_Kuukuu: Anaitwa B. Juzi tu alimzuia A kupandisha badiliko la malipo: mtandao ukisuasua, mteja akabonyeza tena, ombi la pili lilipita kama jipya na anakatwa mara mbili. B aliligundua kwa kusoma tu, akaandika maoni mistari mitatu. Deshibodi haikumpa hata nukta. Sasa mnaona moyo wangu haukukosea?

KisuButu: Hapo hujatumia moyo mkuu, umetumia ushahidi. Ungeanza nao.

NaziMbovu: Hii chai. Mwanzo bosi ndiye kataka mtu apunguzwe, sasa barua iliandikwa "zamani". Zamani kabla ya nini?

Koti_Kuukuu: Kabla hajatangaza. Alishanidokeza.

Mzee wa Seva: Halafu kiongozi gani anakumbuka maoni yalikuwa mistari mitatu? Wewe ndiye B.

Ustadhi wa Kodi: Au ndiye A, kaja kupima upepo.

Koti_Kuukuu: Mnanivunjia heshima. Mimi ni kiongozi.

Mama Toleo: Kama ni B, mdogo wangu, hayo maoni yote ya ukaguzi yakusanye leo, pamoja na tarehe zake. Wakishakufungia akaunti huyapati tena.