Naomba ushauri: nimeandika "Nyumba hii haiuzwi", wanunuzi ndio wameongezeka

Wakuu, naombeni ushauri. Huku Mbagala nimeandika ukutani kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, maana baba mdogo alikuwa anazungusha madalali kimyakimya. Tangu hapo wanabisha hodi: "Haiuzwi kwa bei gani?" Jirani naye kaandika USIKOJOE HAPA FAINI 50,000. Kageuza ukuta choo cha stendi.

Juzi kibanda umiza nimeangalia muvi ya Kichina. Jambazi kafika getini, kuna kibao cha Kichina, mtafsiri akadakia: "Kimeandikwa MBWA MKALI!" Jambazi kaingia hivyo hivyo. Nikajiona mimi.

Sasa nifute maandishi? Hati hatuna, tuna karatasi ya serikali ya mtaa tu. Zuio la kisheria nyumba isiuzwe linawekwaje hapo?