UZI: Ukienda sauna unakunywa nini? Watu wa Mtwara na Lindi tupeane uzoefu

Mwana Shangani (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Najua watakuja wa kuuliza Mtwara yenyewe joto hivi mtu anafuata nini tena sauna, hilo tuliache, anayetoka gym mgongo umekaza anajua anachokifuata. Nataka tuongelee vinywaji. Naona watu wanaingia mle koo kavu kabisa, wanakaa dakika 15 kwenye joto la nyuzi 80 na kitu, wakitoka wanakimbilia soda ya baridi wanaishusha kwa mkupuo mmoja halafu kichwa kinawagonga mpaka usiku, kesho yake wanasema sauna mbaya. Jasho la kikao kimoja linaweza kufika nusu lita na linaondoka na chumvi, sasa soda inakurudishia sukari tu.

Mimi naanza kunywa mapema, maji ya kawaida taratibu taratibu kabla sijaingia, sio kusubiri kiu. Nikitoka raundi ya kwanza ni dafu. Na kwenye dafu tuelewane jamani, sio kila dafu. Nataka lile ambalo nyama yake bado utando, ukikwangua na kile kijiko cha ganda linakuja laini bila kulazimisha. Likishafika koroma maji yake utamu umepungua na nyama inakaa nzito tumboni, hutaifurahia raundi ya pili. Jamaa ninayenunua kwake analitikisa sikioni kwanza, linalolia maji analiweka pembeni maana limeshaanza kukomaa, lililojaa kimya ndio anashusha panga. Mimi natia na chembe ya chumvi humo humo, kwa sababu dafu lina potasiamu nyingi ila sodiamu ni kidogo na jasho linatoa zaidi hiyo sodiamu. Onja siku moja, utamu wake unaongezeka kabisa.

Haya wadau, nyie je?

Mstaafu Nachingwea
Vijana mnaiona sauna ngeni lakini huku Kusini ilishafika zamani. Nilikuwa dereva enzi za RIPS, mradi wa Wafini wa Lindi na Mtwara, naongelea miaka ya 90. Mfini niliyekuwa namwendesha alijengesha kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, jiko la kuni, mawe juu yake, na maji ya kumwagia mawe anachota kwa kata ya kifuu, hii hii ya kwetu. Akimwaga unasikia mawe yanalia na mvuke unakupanda mpaka masikioni. Kwao ni kitu cha heshima sana, mwaka 2020 UNESCO waliuingiza utamaduni wao wa sauna kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Kuhusu kinywaji, wanapenda bia na wana kingine kinaitwa lonkero, jini na balungi, kilitengenezwa kwa ajili ya Olimpiki ya Helsinki ya 1952 na mpaka leo wanakinywa. Lakini huyu wangu kopo alikuwa hafungui mpaka amemaliza kabisa, kajimwagia maji, kakaa barazani jasho limekata. Katikati ya raundi ni maji matupu. Baadaye anachoma soseji, na soseji ile ilikuwa na chumvi kweli kweli, nadhani na chumvi yake alikuwa anairudishia hapo.

Binti Mikindani
Shikamoo mzee wangu, asante kwa historia. Mimi sauna sijawahi ila kujifukiza nimekulia nako, bibi anachemsha majani ya mpera, mchaichai na mkaratusi unafunikwa blanketi unatoka umelowa chapa. Ukitoka hakuna kitu cha friji, unapewa uji mwepesi wa vuguvugu una ndimu na chumvi kidogo, unakunywa umejifunika khanga. Mpaka leo nikijifukiza nakunywa huo na siumwi kichwa.

Korosho Ghafi
Mimi maji ya mtungi tu. Ya friji yananikaba kifua.

Mtoto wa Masasi
Naomba niseme la uraka, ile pombe ya mabibo ya mkorosho, kwa sababu linanikera. Msimu wa mabibo watu wanabeba uraka kwenye chupa wanapitisha kabla ya kuingia, eti unafungua jasho. Jamaa yetu mmoja aliunywa mchana kutwa, jioni akaingia sauna, akakaa vizuri tu akipiga stori, aliposimama kutoka macho yakapinduka akaanguka mlangoni, nusura aliegemee jiko. Tulimtoa tukamlaza chini miguu juu, akazinduka. Uraka ni kinywaji chetu na siutukani, ila sio pale jamani.

Nesi Kusini
Kaka wa Masasi umefanya vizuri kulisema. Joto linatanua mishipa na presha inashuka, ukisimama ghafla damu inachelewa kufika kichwani. Pombe nayo inatanua mishipa na inakukojoza sana, kwa hiyo umejipunguzia maji kabla hata jasho halijaanza. Huko huko Finland walipochunguza vifo vya kwenye sauna, vingi vilikutwa na pombe ndani yake.

Na juisi ya choya, wengi tunaipenda na ni nzuri, ila choya inashusha presha kidogo, kwa hiyo mwenye dawa za presha asiinywe glasi kubwa akiwa ametoka tu kwenye joto, na kwanza amuulize daktari wake kama sauna yenyewe inamfaa. Mwenye sukari aangalie ukwaju na miwa za mtaani, sukari inayowekwa mle ni nyingi.

Aliyetoka jasho jingi sana na dafu hakuna, maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo 6 vya kufuta, chumvi nusu kijiko kidogo. Usizidishe chumvi. Unakunywa kidogo kidogo.

Binti Mikindani
Nesi, je juisi ya mabibo yenyewe, isiyochachuka?

Nesi Kusini
Hiyo inafaa sana dada, vitamini C yake inazidi ya chungwa. Kinachosumbua ni ule ukakasi unaokaba koo.

Mwana Shangani
Ukakasi dawa yake mama yangu anakata mabibo vipande, anayaloweka kwenye maji ya chumvi kabla ya kukamua, anachuja na kitambaa, unabaki kidogo tu. Ila iwe ya siku hiyo hiyo, ikilala nje asubuhi inakuwa imeanza kuchachuka na hapo umesharudi kwenye uraka. Na usivae taulo jeupe, doa la bibo halitoki.

Mtoto wa Masasi
Mkuu hiyo ya kuloweka ni muda gani? Msimu ukifungua mwezi wa kumi nataka nijaribu.

Mwana Shangani
Ngoja nimuulize bi mkubwa kesho asubuhi nije kuandika hapa hapa.