Vijinzi kwenye choo cha paka: tupeane uzoefu, mwenzenu nimeshindwa

MpangajiTabata
Wakuu, habari za jioni. Leo kaja shemeji, nikammiminia juisi ya embe. Kabla glasi haijafika mdomoni, vijinzi vitatu vikawa vinaogelea. Akacheka. Akaenda kunawa bafuni, ambako ndiko liliko beseni la mchanga la paka wangu. Akarudi hacheki tena.

Nakaa chumba na sebule, paka simtoi nje maana mtaani kuna mbwa wasiofungwa. Mchanga ni huu wa ujenzi, nauchekecha, nabadilisha kila Jumamosi. Vile vijinzi vya ndizi mbivu vimehamia huko jumla. Nani yalimkuta, na alivimalizaje?

Mzee wa Kiporo
Yalinikuta. Nikahama nyumba. Navyo vikahama.

UkweliMchungu
Paka wa kazi gani huyo asiyetoka nje? Kwetu Singida paka analala jikoni, haja anamalizia shambani, na panya hatuwajui. Watu wa mjini mnaumwa na pesa.

KomboUnguja
Ndugu yangu, hukuulizwa paka wa kazi gani. Umeulizwa vijinzi.

Bi Shangazi
Mwanangu, Jumamosi hadi Jumamosi ni mbali mno. Kinyesi kitoe kila siku, asubuhi na jioni ikiwezekana, kifunge kwenye mfuko, peleka nje. Vilivyobaki vitegee: siki kidogo ndani ya glasi, tone moja la sabuni ya vyombo, funika na mfuko wa nailoni uliotobolewa kwa kijiti cha meno. Sabuni usiiache. Bila sabuni kijinzi kinasimama juu ya siki, kinakunywa, kinaaga.

MwanaMvita
Siki inaita vya jirani pia, nimejaribu. Mimi nilitupa mchanga, nikaweka maranda ya fundi seremala. Bure kabisa, na harufu inashikwa vizuri.

fundi_bomba
Kwanza vikague. Kama mabawa yana manyoya na kikitua kinafanana na kinondo, hicho si cha ndizi, kinazaliana kwenye utando wa ndani ya bomba la bafu. Paka anasingiziwa tu. Usiku bandika selotepu juu ya kitundu cha maji, gundi itazame chini, uache upenyo wa hewa. Asubuhi vikinasa, sugua bomba kwa brashi. Maji ya moto peke yake hayatoi ule utando.

UkweliMchungu
Sasa selotepu chooni. Haya.

dada_wa_Njiro
Mada hii imenitonesha kidonda. Choo cha paka wangu kilikuwa stoo. Vijinzi vikazidi mpaka ukiwasha taa unaona moshi. Kijana anayechunga ng'ombe wa mwenye nyumba akanihurumia, akanimiminia dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye chupa ya soda. "Dada, hii hata kupe hafufuki." Nikanyunyiza kuzunguka beseni, na juu ya mchanga kidogo, nikaenda kupika.

Pilau (ndilo jina lake) akaingia, akamaliza haja zake, akatoka analamba miguu kama kawaida yao. Saa mbili usiku naona masikio yanachezacheza. Nikadhani ndoto. Baadaye ngozi ya mgongoni, halafu miguu, halafu akaanguka pembeni anatetemeka mwili mzima na mate yanatoka. Nilipiga yowe, jirani akafikiri nimevamiwa.

Nikamfunga kwenye kanga, nikasimamisha boda. Boda kanitazama nilivyokumbatia, kaniuliza, "Mtoto ana degedege?" Sikujibu. Akaondoka kwa kasi ambayo sijawahi kupanda tena, anapiga honi, anasimamisha magari kwa mkono. Kwenye kona ya mwisho Pilau akatoa kichwa nje ya kanga. Boda hakusema kitu. Hakupunguza mwendo pia.

Daktari wa mifugo alimwosha kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, akamchoma sindano ya kutuliza mtetemo. Akaniambia dawa nyingi za jamii hiyo mbwa anazivumilia, ila ini la paka haliwezi kuzivunja. Siku tatu hajala. Akapona.

Na usiku ule narudi saa nane, vijinzi viko palepale kwenye taa. Kesho yake nahamisha vitu, nyuma ya beseni nakuta kiroba cha viazi nilichokisahau, chini kimekuwa uji. Huko ndiko kulikokuwa kiwanda.

UkweliMchungu
Dawa ya ng'ombe kwa paka! Wewe ni wa kushtakiwa.

KomboUnguja
Mwenzako kaeleza kosa lake watu wapone. Wewe ulichochangia hapa ni nini?

Mzee wa Kiporo
Boda alilipwa?

MwanaMvita
Hata mimi nangoja kujua habari za boda.

MpangajiTabata
Jamani, mada ni vijinzi. Nikimwagia beseni klorini ya kufulia nguo nyeupe je?

fundi_bomba
USITHUBUTU juu ya mkojo. Mkojo wa paka una amonia, ikikutana na klorini inatoa hewa ya kukaba kifua, na bafu lako halina dirisha. Osha kwanza kwa sabuni na maji mengi, anika juani.

Neema_2
Weka karafuu, vinakimbia wenyewe.

Bi Shangazi
Punje huko jikoni sawa, ila mafuta ya karafuu karibu na paka hapana. Na wewe mpangaji, kama una ujauzito beseni aoshe mwingine. Kuna vimelea kwenye kinyesi vinavyodhuru mimba. Huchukua siku moja au zaidi kukomaa, ndiyo maana nikasema kila siku.

MpangajiTabata
Sina ujauzito shangazi, nina embe. Nimeinua beseni sasa hivi, chini kuna ganda la embe jeusi, limeota nywele. Sijui la lini. Kumbe paka analiburuza kutoka kwenye ndoo ya taka.

fundi_bomba
Toa, osha, na uwe na subira. Yai hadi nzi kamili ni siku nane mpaka kumi kwenye joto la Dar, kwa hiyo vitaendelea kutokea kidogo. Selotepu bandika hata hivyo.

Mzee wa Kiporo
Dada wa Njiro, BODA.

dada_wa_Njiro
Alikataa hela. Jumapili akapita kumuulizia mtoto.