Tupeane uzoefu: ruta iko sebuleni, kompyuta ya mezani iko chumbani. Umeunganishaje?

Mwanzisha mada, Tabata, Dar es Salaam

Habari za jioni wakuu. Ruta hukaa pale fundi wa faiba alipoingizia waya, mara nyingi nyuma ya TV. Kompyuta ya mezani nayo inakaa penye meza. Katikati kuna ukuta, pengine mbili. Tena mashine nyingi za mtumba tunazonunua zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi yenye waya, hazina waifai ndani. Watu wananunua kifaa cha kwanza wanachoonyeshwa dukani, kisha kinawasumbua miezi. Naomba aliyefanikiwa atueleze nyumba yake imejengwa kwa nini, ametumia nini na amepimaje. Bila kujua ukuta, ushauri wa kifaa ni kubahatisha.

Naanza. Kwangu ni tofali za block za inchi sita, kuta mbili. Nimefunga kadi ya waifai ya PCIe, yaani inayochomekwa kwenye bodi kuu ndani ya kompyuta, yenye antena zinazotoka kwa waya na kukaa kwenye kitako chake. Hilo la waya ndilo la kuzingatia. Antena zinazofungwa moja kwa moja nyuma ya CPU zinabanwa kati ya bati la kasha na ukuta, chini ya meza. Zangu nimeziweka juu ya kabati. Ukitaka kuona tofauti, fungua Command Prompt, andika `netsh wlan show interfaces`, usome mstari wa Signal. Chini ya meza ilikuwa inacheza kwenye 40%, juu ya kabati haishuki chini ya 70%. Kadi ni ileile.

Mdau wa Mwanza

Asante mkuu kwa mada. Mimi natumia kile kidude kidogo cha USB cha kupokea waifai, na kinanitosha kwa kazi za ofisi na video. Tusidanganyane lakini: ile 150 Mbps (megabiti kwa sekunde) iliyoandikwa kwenye boksi ni kasi ya hewani kati ya kidude na ruta katika hali nzuri kabisa. Ukipata nusu yake, shukuru.

Kilichokuwa kinaniumiza kichwa ni kwamba waifai ilikuwa inazorota kila nikichomeka diski ya nje. Kumbe USB 3.0 inatoa kelele za redio ambazo zinaangukia humohumo kwenye 2.4 GHz, mojawapo ya masafa ya waifai. Intel wenyewe walichapisha maelezo ya jambo hilo mwaka 2012. Dawa ni waya wa USB wa kurefusha, wa mita moja hivi. Kidude kikatoka nyuma ya CPU, nikakining'iniza karibu na mlango, mbali na diski. Tangu hapo hakijakatika.

Mwanafunzi, Dodoma

Shikamooni wakubwa. Mimi sikununua kitu. Nina simu ya Android ya zamani, kioo kimepasuka lakini inawaka. Nimeiunganisha na waifai ya nyumbani, nikaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa kuchajia, halafu kwenye mipangilio ya hotspoti nikawasha kipengele cha kusambaza intaneti kwa USB. Windows inaiona kama imechomekewa waya wa mtandao.

Hata mwenye kidude chenye draiva (programu ya kukiendesha) kwenye CD, na mashine yake haina sehemu ya CD, anaweza kuanzia hapa ili apakue draiva.

Mama wa duka, Morogoro

Mwanangu, hiyo njia haitakula bando langu?

Mwanafunzi, Dodoma

Hapana mama, mradi simu iko kwenye waifai na data ya laini umeizima. Ukiiacha data imewashwa, waifai ikikatika simu itahamia kwenye bando bila kukuambia. Njia salama zaidi ni kutoa laini kabisa. Na simu isifunikwe, inapata joto.

Mdau wa Mji Mkongwe, Unguja

Assalaam alaykum. Nyie mnasema inchi sita. Nyumba zetu huku ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta unakaribia urefu wa mkono. Mawimbi ya waifai ya 5 GHz hayatoki chumbani. Ya 2.4 yanafika yakiwa hoi. Kutoboa napo si jambo la kuamua peke yako asubuhi moja. Mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na majengo yake yana taratibu zake. Nami naona ni haki, hizi kuta si za kuchezea.

Kilichonifaa ni adapta mbili zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba. Moja nimeichomeka karibu na ruta na kuiunganisha nayo kwa waya mfupi, ya pili iko chumbani, waya wake unaingia kwenye kompyuta. Zingatieni haya. Zichomekwe kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, kwa sababu ekstensheni yenye kinga ya umeme inachuja mawimbi yake. Nyumba yenye fezi tatu, soketi zikiwa kwenye fezi tofauti, kasi inaweza kuanguka au zisionane kabisa. Na mota ya friji ikiwaka kwenye waya huohuo, utaona. Hupati kasi iliyoandikwa kwenye boksi, ila mkutano wa video haukatiki.

Mdau wa Nairobi

Habari zenu. Hapa kwetu kwenye fleti shida si ukuta, ni majirani. Nikifungua orodha ya mitandao naona ruta za jengo zima. Kwenye 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni tatu pekee, 1, 6 na 11, kwa hiyo tunagombania. Tarakilishi yangu iko ukuta mmoja tu kutoka kwa ruta, nikanunua adapta inayoshika 5 GHz na mambo yakatulia. Ningekuwa mbali zaidi nisingeshauri hivyo, maana 5 GHz huchoka haraka ikipita kutani.

Fundi mitandao, Arusha

Nimesoma yote na nakubaliana nayo, lakini wenye nyumba zao wenyewe nawasihi: vuteni waya. Mashine haihami, kwa nini itegemee hewa? Waya wa mtandao wa Cat 6 unafika mita 100 bila tatizo. Chunguza tu kama ndani ni shaba tupu. Sokoni zimejaa za aluminiamu iliyopakwa shaba, zinakatika kwenye kona na zinasumbua kasi.

Mpangilio wa rangi za nyaya nane za ndani kwenye plagi, pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usipitishe kwenye bomba moja na waya wa umeme. Na kama kompyuta iko kwenye chumba cha uani, usivute waya wa shaba juu kwa juu kutoka nyumba kubwa. Msimu wa radi unaweza kuunguza ruta na kompyuta kwa pamoja. Hapo tumia faiba na vigeuzi viwili vya kuunganisha faiba na waya wa mtandao, kimoja kila upande, faiba haipitishi umeme.

Mdau wa Tanga

Fundi, nyumba ni ya kupanga. Nina ruta ya zamani kabatini, inaweza kusaidia?

Fundi mitandao, Arusha

Kama menyu yake ina hali ya mteja (client) au daraja (bridge), ndiyo. Inapokea waifai, kisha kompyuta inachukua kwa waya mfupi. Usiiweke kama ripita (kifaa cha kurudia waifai) ya bendi moja kama unaweza kuepuka, kwa sababu inapokea na kurusha kwenye chaneli hiyohiyo, kasi inagawanyika nusu.

Mdau wa Tanga

Ubarikiwe. Ila kwangu inakwama saa mbili usiku tu, asubuhi iko sawa.

Mwanzisha mada

Usinunue chochote kwanza ndugu. Leo saa mbili andika `ping 192.168.1.1 -t`, au anwani iliyobandikwa chini ya ruta yako. Ruta ikijibu ndani ya milisekunde chache bila kupoteza hata moja, na kurasa bado zinakwama, basi chumba chako kiko salama. Piga simu kwa mtoa huduma. Majibu yakiruka au kupotea, jaribu kubadili chaneli, kisha rudi utuambie ukuta wako ni wa nini.