"ZAIDI YA POPO?" Eti mapango ya Amboni, hapa Tanga, hayana kitu zaidi ya popo!

Wakuu salaam. Naandika mkono unatetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe. Nimetoka ukumbini sasa hivi, hata soda yao sijaimaliza, na mimi soda ya bure huwa siiachi.

Aliyesema hayo simtaji. Mnamjua. Miwani ya jua mpaka ukumbini, "kimsingi" kila baada ya maneno mawili, kahamia Tanga juzi na leo anatufundisha Tanga. Basi kaja na mchoro wa sanamu. Mita 60, lisimame Raskazone, mkono juu, linatazama bahari. Mzee mmoja akauliza kwa adabu zake, "Samahani mwanangu, huyo ni nani?" Akajibiwa: "Kimsingi sura itapatikana baadaye, kwanza ukubwa." Wallahi tena. Mita 60 za mtu asiyejulikana. Hilo nikameza.

Tukafika ukurasa wa vivutio vya jirani. Kaweka hoteli. Kaweka fukwe. Kaweka duka la aiskrimu ambalo hata msingi haujachimbwa. Amboni haipo! Nikanyoosha mkono, nikamwambia mkuu, umesahau mapango, kilomita nane tu kutoka mjini, njia ya Horohoro. Akashusha miwani, ndiyo mara ya kwanza namwona macho, akasema mbele ya wageni wawili wa kutoka Dar, mbele ya mama wa chai, mbele ya kijana wangu ninayemfundisha kazi: "Na hilo pango lina nini zaidi ya popo?"

Zaidi ya popo!

Miaka 11 nashika tochi mle ndani. Najua kona ambayo mgeni mwenye kitambi lazima ajikunje kama mkeka apite. Nawaonyesha jiwe la sofa, jiwe la mamba, na lipo moja wageni wenyewe huliita Liberty ya New York. Sanamu tayari tunalo wakuu, halikuchongwa na mtu wala halikuombewa bajeti! Kuna mahali pa mizimu, watu wameacha ubani na chupa za marashi. Osale Otango alijificha humo miaka ya 1950, akawatoa jasho polisi wa mkoloni. Popo wapo, sikatai, na harufu yao ipo. Lakini "zaidi ya"?

Ukumbi mzima ukacheka. Na kijana wangu akacheka, tena mpaka gego la mwisho nikaliona. Huyo huyo ninayemnunulia chapati kila asubuhi.

Popo!

mwana_wa_chuda: Pole mkuu. Ila soda umeiacha nusu? Hapo ndipo uliponipoteza.

barabara_ya_12: Ngoja, si wewe uliyetuingiza mle mwaka juzi, tochi ikazima katikati, ukasema "hapa ni sehemu ya kutafakari"? Shemeji yangu alitafakari mpaka akalia.

mleta uzi: Betri za siku hizi ni janga la taifa. Turudi kwenye popo.

nyota_ya_pangani: Sanamu kubwa siyo dhambi. Senegal wanalo la mita 49 pale Dakar tangu 2010, India wanalo la mita 182. Lakini wenzetu walijua wanamchonga nani! Mimi nasema Shaaban Robert. Kazaliwa Vibambani hapa hapa 1909, na watoto wa mjini ukiwauliza wanakwambia ni mtaa wa Posta, Dar.

jarife_kuukuu: Shaaban Robert kwa upole ule, umpe mita 60? Wekeni silikanti, yule samaki wa kale. Wazungu walidhani katoweka pamoja na dinosaria hadi walipomwona 1938. Huku kwetu anaingia kwenye nyavu za jarife bila kualikwa, na ukimpika hana hata ladha.

mama_ngamiani: Mmewasahau nyuki! Novemba 1914 Waingereza wameshusha hapa Tanga maelfu ya askari kutoka India, Wajerumani ni wachache tu, vita vikakolea, nyuki wakatibuka. Mpaka leo Waingereza wanasimulia nyuki. Sanamu ni la nyuki, na mwiba utazame baharini.

jarife_kuukuu: Mama, nyuki wa mita 60 nani atashuka melini?

wa_kaole: Nyie mnalilia popo? Njooni Bagamoyo. Nimesimama Kaole kwenye magofu ya mamia ya miaka, nimeeleza mpaka koo limekauka, mtu mzima na suti yake ananiuliza, "Sasa haya mawe mnabomoa lini?"

mwana_wa_chuda: 😂😂 Huyo na wa popo ni mapacha.

mleta uzi: Kaole inauma, nakubali. Lakini wewe hukuchekwa na mwanafunzi wako.

tongoni_kwetu: Afadhali nyie mnatukanwa, maana yake mmeonekana. Tongoni ina makaburi ya kale zaidi ya arobaini, hata kutukanwa hatutukanwi. Wiki iliyopita nimeleta wageni, bodaboda katushusha njiani kadai mafuta yameisha, tukatembea na jua lile. Kurudi tunamkuta kijiweni anacheza bao.

barabara_ya_12: Bodaboda msiniambie. Shuka stendi ya mabasi Kange saa sita usiku na begi. Wanakugawana kama ng'onda. Mmoja ana begi, mwingine ana mtoto, wa tatu kashika mwavuli wako anakutajia bei ya kwenda Segera.

mama_ngamiani: Mimi walinipitisha Duga mara mbili. Mara mbili! Mimi, niliyezaliwa barabara ya saba!

mgeni_wa_ijumaa: Samahani wenyeji, naingia Ijumaa na basi la usiku. Kange mpaka Sahare kwa kawaida ni shilingi ngapi?

mleta uzi: Mimi mara ya mwisho nililipa elfu tatu. Akikutajia bei ya kuruka, mwambie unakwenda kwa mama yako mzazi, atashusha bei mwenyewe.